Kusimika Trela Bila Kupiga Magoti

Vijana wangu, siku mkinikuta nacheka peke yangu ndani ya basi la Weston hapa Toronto, msihame kiti. Sijarukwa na akili. Nakumbuka matrela tu. Mtu aliyefanya kazi ya matrela ya kambi kama nilivyofanya mimi, tangu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mpaka nilipostaafu, ana vichekesho vya kumtosha uzee wote, na vingine anabaki navyo vya kugawia majirani.

Najua mtauliza, mwanamke wa Tanga, jina lake Tatu, kaingiaje kwenye jeki na spana za Kanada? Niliingia kwa ufagio. Nilipata kazi ya kufagia na kuosha matrela katika yadi moja magharibi ya Toronto, kando ya reli, enzi hizo treni ya uwanja wa ndege hata haijaanza. Kwa wasiojua, trela la kambi ni kijumba chenye magurudumu, kina kitanda, jiko, choo na meza ya kukunja. Watu wa hapa wanalifunga nyuma ya gari, wanalivuta mpaka msituni penye ziwa, wanalala humo, wanaunguza nyama, wanaliwa na mbu, halafu wanarudi mjini wanasema wamepumzika. Mwanzoni nilidhani ni adhabu ya mahakama. Kwetu mtu akilala porini ujue lori limeharibika.

Aliyeninyang'anya ufagio alikuwa Mzee Winston, Mjamaika mkazi wa mtaa wa Mount Dennis, fundi mkuu wa yadi. Mrefu, mkavu, maneno machache, utani mwingi. Asubuhi moja alinikuta nimesimama namtazama mteja mmoja mwenye mvi akihangaika kulifungua trela lake. Akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona mzee anateseka.

"Hapana," akasema. "Unaona kazi iliyopangwa na kijana."

Kesho yake akanivisha glavu nene za theluji katikati ya joto la Julai, akanifunga mbao nyuma ya magoti ili yasikunjike, akanipaka mafuta kidogo kwenye miwani nionje macho ya uzee, kisha akasema, "Haya binti, simika trela."

Jamani! Ile hendeli ya kuteremshia miguu ya chuma inayoliegemeza trela iko chini huku, na mimi sikunjiki. Nikajaribu kuinama kwa kiuno, nikashindwa. Nikajaribu kwa ubavu, nikaanguka kwenye majani, nikabaki chali kama kobe, nacheka mpaka mafundi wa rangi wakatoka nje kuangalia kuna nini. Winston hakuninyanyua. Alisimama pale na kikombe chake cha kahawa, akaniambia, "Kazi yoyote inayokudai upige magoti, kaifikirie upya." Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Sikupewa cheti, nilipewa mbao.

Sasa nanyi msikilize, maana mna baba na mama, na nyinyi wenyewe mnakwenda hukohuko.

La kwanza ni kizuizi cha tairi. Usilifungue trela kutoka kwenye gari kabla hujaweka kizuizi mbele na nyuma ya gurudumu. Nyumbani tunaita kuweka jiwe, na ni hivyohivyo. Mwenzetu mmoja wa yadini, fundi mzuri tu, alisahau siku moja. Alipolifungua, trela likaondoka zake. Likateremka taratibu, halina haraka, likapita ofisini bosi akiwa dirishani na mkate mdomoni, likaenda kuegemea uzio. Bosi alimpungia mkono akidhani kuna dereva.

La pili, tafuta kiwanja ambacho unaingia kwa huku na kutokea kule, usilazimike kupiga rivasi. Nimeona ndoa nyingi zikitikisika kwenye rivasi. Mume yuko kwenye usukani, mke yuko nyuma anapunga mikono, na kila mmoja ana kulia kwake na kushoto kwake. Dawa yake ni kuacha kabisa maneno hayo mawili. Mwambie, "Lete upande wa mlango," au, "Lete upande wa jiko." Mlango wa trela hauna ubishi.

Mengine ni madogo ila yanaokoa. Jeki ya mbele iwe ya umeme, ya kubonyeza kidole. Pimamaji kubwa ibandikwe kwenye ukuta wa trela usawa wa macho. Mpira wa maji uwe na kiungio cha kubana na kusikia ta!, maana vidole vya baridi yabisi havina hamu ya kuzungusha nati. Ngazi iwe pana na yenye reli ya kushikia. Ile miguu ya pembeni izungushwe kwa drili yenye chuma kirefu, mtu amesimama wima na heshima zake. Na kigoda kiwepo, kazi ifanywe mtu amekaa. Nani kasema kufanya kazi ni kusimama?

Haya yote niliyajua vizuri, nikajiona bingwa. Kisha akaja Mzee Amirali.

Mzee Amirali na mkewe Mama Shirin walikuwa Waismailia wa kwetu, watu wa Tabora. Yeye alikuwa na malori zamani, mke alikuwa na duka. Huku walikaa ghorofani upande wa mashariki wa jiji, na kwa kuwa ghorofani hupandishi trela, waliliegesha kwetu yadini. Mara ya kwanza niliposema "Shikamoo mzee," aliangusha funguo. "Marahaba!" akaita. "Shirin! Shirin, njoo, huyu binti wetu!" Mama Shirin akashuka garini na nyonga yake ya kupandikizwa, akanishika mashavu, akaniuliza nimekula nini asubuhi. Nilipomwambia mkate, akasikitika sana.

Binti yao, Nasim, ndiye aliyewaendesha siku hiyo. Alikuwa mfamasia, mwenye mapenzi makali na wazazi wake, na wasiwasi mwingi. Kiswahili alikisikia chote, ila mara nyingi alijibu kwa Kiingereza. Alinivuta pembeni akanieleza. Msimu uliopita baba yake alipiga magoti kambini kuzungusha hendeli, akashindwa kunyanyuka. Mama naye hakuweza kumnyanyua. Wakakaa hivyo, mzee chini, mke juu amemshika bega, mpaka majirani wa kiwanja cha pili walipotokea. Nasim alitaka trela liuzwe.

"Tatu binti yangu," Mzee Amirali akaniambia, "mimi nimepeleka lori Kigoma masika, matope mpaka hapa, kabla mama yako hajakuzaa. Leo goti linikataze?"

"Goti halikukatazi, Baba," Nasim akasema. "Mimi ndiye ninayekukataza."

Wakabishana pale mpaka wakapatana. Wazee watalisimika trela wenyewe, kambini, Nasim akiwa anatazama. Kuanzia kulifungua mpaka chai iwe mezani. Wakiweza, Nasim hatasema tena neno. Mtu mwingine yeyote akigusa hata kamba, trela linauzwa. Mzee Amirali akampa binti yake mkono kama wanauziana ng'ombe.

Usiku ule sikulala kwa raha, nakiri, maana Mama Shirin alikuwa ameninong'oneza wakati wa kuondoka. Aliniambia mumewe nyumbani hukaa dirishani mchana kutwa, na mdomo hafungui, ila wakiwa kambini huongea mpaka yeye anaomba kupumzika. "Wakiliuza, nitabaki na picha ukutani," akasema. Nikasema hapana, halitauzwa mimi nikiwepo.

Tukalifanyia kazi trela lao, mimi na Winston. Yote niliyowatajia tuliyaweka. Likabaki tatizo moja: vile vizuizi vya tairi na mbao za kusawazishia hukaa chini kwenye nyasi, na hakuna jeki ya umeme ya kuviweka wala kuviondoa. Niliwaza wiki nzima. Jibu likanijia nikiwa naosha vyombo. Upembo! Si nyumbani tulikuwa tunaangulia mapapai kwa upembo, mti mrefu wenye ndoano kichwani? Nikakata fimbo nyepesi ya alumini, nikaipa ndoano, nikafunga kitanzi cha kamba kwenye kila kizuizi, kila ubao, hata kwenye mpini wa drili. Sasa mtu anasimama wima, ananing'iniza kizuizi, anakisukuma mahali pake, kazi imekwisha. Winston aliuliza kama nakwenda kuvua samaki. Nilipomwonyesha, alichukua upembo, akaning'iniza vizuizi vyote yadini vinavyoning'inizika, kisha akaomba kikombe chake kifungwe kitanzi.

Wazee wakafanya mazoezi yadini mara nyingi. Mama Shirin alisoma pimamaji na kuongoza gari kwa mtandio wake wa zambarau, mume akashika upembo na drili. Walikuwa wazuri ajabu, na walitaniana kama vijana wachumba. Mimi nikawa nimeshajiandalia vigelegele.

Kosa lililotaka kutuangusha hakuna Mkanada ambaye angeweza kulifanya. Mkanada akimwona mzee anafanya kazi yake, anampungia mkono, anapita. Sisi je?

Ilitokea kwamba chama chetu cha Watanzania kilikuwa na pikiniki wikiendi hiyohiyo, kambi hiyohiyo. Nilifurahi, nikasema vizuri, wazee watapata watu wa kuzungumza nao. Sikuwaza zaidi. Jumamosi tumefika, Nasim kaweka kiti chake cha kukunja, kakunja mikono, anatazama. Mzee Amirali kasimamisha gari, kashuka, kachukua upembo. Mimi nikaitwa mara moja tu upande wa maegesho kumwonyesha mtu njia.

Niliporudi nilikuta msiba. Kaka Deo, dereva wa basi kutoka Mbeya, mwili kama kabati, alikuwa amepita na wenzake na masufuria ya wali. Wakaona mvi, wakaona mikono imeshika kitu kizito. "Shikamoo mzee! Lete hiyo, mzee! Hapana, hapana, kaa mzee, vijana tupo!" Mmoja kapokea upembo, mmoja kapokea kizuizi, wawili wanateremsha miguu, akina dada wamemkalisha Mama Shirin kwenye kivuli na kumpa maji, na Deo yuko juu ya kigoda anafungua turubai huku anaimba. Mzee Amirali kakalishwa katikati kama bwana harusi, mikono mitupu, anageuza shingo huku na huku. Kila akitaka kunyanyuka, mkono wa heshima unamrudisha kitini. Kabla sijafika walikuwa wamemaliza. Kazi safi, lazima niseme.

Nasim alisimama. "No, Baba," akasema, polepole. "Hukugusa hata kitu kimoja."

"Sikuachiwa!" mzee akasema. Deo akashuka kigodani. Aligundua kuna jambo, hakujua ni lipi.

Nikawaeleza. Nikawaambia walibomoe walilojenga, wakae pembeni, wasimsaidie mzee. Mngeona nyuso zile! "Da' Tatu," Deo akaniambia, ameumia kweli, "unataka mzee wa umri wa baba yangu abebe vitu mimi nimekaa natazama? Nitasimulia nini nyumbani?" Dada mmoja akaniuliza kama Kanada imeniingia kichwani. Na mzee mwenyewe akiwaambia "Niacheni," walimjibu kwa upendo mkubwa, "Haina shida mzee," na hawakuacha. Heshima ikishapanda, haisikii amri.

Aliyetuokoa ni Mama Shirin. Alinyanyuka na mkongojo wake, akarekebisha mtandio.

"Wanangu, mmefika lini hapa?"

"Leo asubuhi, mama," Deo akajibu.

"Hiki kiwanja ni cha nani?"

"Chenu, mama."

"Basi mko nyumbani kwangu, na ninyi ni wageni wangu. Tabora tulikuwa tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jumatatu njooni na majembe yenu. Leo mgeni wangu akifanya kazi, amenitukana mbele ya mume wangu. Kaeni!"

Wakakaa. Nani angebaki amesimama? Watu wazima, masufuria ya wali mapajani, wamepangwa kwenye majani, wametulia tuli. Tukarudisha kila kitu kilivyokuwa, trela likafungwa kwenye gari, na mzee akatoka kiwanjani, akazunguka kambi nzima, akarudi kuanza upya. Nasim akakaa tena kitini mwake.

Vijana, sijawahi kuona watu wanaoteseka kama wale wageni. "Upande wa mlango!" Mama Shirin anaita, mtandio unapepea. "Upande wa mlango, Amir! Hapo! Basi!" Pimamaji ikakaa katikati. Upembo ukashuka, kizuizi mbele, kizuizi nyuma. Kila mzee alipoinua kitu, ule mstari mzima wa wageni uliinuka kidogo na kukaa tena. Deo alikuwa anang'oa majani. Jeki ikanguruma, gari likaachana na trela, trela halikwenda popote. Mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Kwenye mguu wa nne drili ikamponyoka. Ikagonga ngazi, ikabiringika, ikaingia chini kabisa ya trela.

Kila mtu akasimama. Deo alikuwa tayari ametupa sufuria. Nasim mwenyewe alikuwa amepiga hatua mbili, mkono mbele, maana ni hapohapo, kwenye miguu ya trela, baba yake alipokwama chini msimu uliopita.

"Wageni!" Mama Shirin akapaza sauti. 

Mzee Amirali hakugeuka kutuangalia. Alitazama chini ya trela, akatazama magoti yake, nami roho ikaniruka kwa sababu nilijua anawaza nini. Kisha akavuta kigoda. Akakaa, akapumua, akajifuta jasho kwa leso yake bila haraka yoyote. Akachukua upembo, akauingiza chini, akapapasa. Mara ya kwanza ukakamata nyasi. Mara ya pili ukakamata kitanzi. Akaivuta drili taratibu mpaka miguuni pake, akaipuliza vumbi, akasimama kwa kushika reli ya ngazi, akamaliza mguu wa nne.

Sijui nani alianza vigelegele, labda ni mimi. Wageni walirukaruka, Deo akalia waziwazi, na kambi nzima ikaja kuuliza kama kuna harusi. Mpira wa maji ukaungwa, ta!, na baadaye kidogo Mama Shirin akatoka mlangoni na sinia la chai ya viungo. Akampa Nasim kikombe cha kwanza. Nasim akasema, "Fine," neno hilo tu, akageuka upande wa ziwa kufuta macho, na baba yake akajifanya hakuona. Siku ile mzee aliongea mpaka Mama Shirin akaomba kupumzika, na sisi wote tukaomba pamoja naye.

Walikwenda kambini kila kiangazi baada ya hapo. Winston alistaafu, akarudi kwao, mimi nikashika nafasi yake, na mbao zake za magotini nikawafungia mafundi wapya wote bila huruma. Pembo tulitengeneza nyingi. Jambo nililowafundisha zaidi ni kuuliza kabla ya kupokea. Mwambie mzee, "Nikupokee au nikuache?" Kisha lile analojibu, lisikie.

Halafu mwaka mmoja, majira ya kuchipua, Mzee Amirali akanipigia simu.

"Tatu, nimetosheka. Tafuta wazee wengine wa kulichukua trela."

Moyo ukanishuka. "Nasim kasema?"

"Nasim hajui bado. Nimeamua mimi," akasema, na nikamsikia anatabasamu. "Macho yamechoka barabara. Lakini nitawafundisha mwenyewe hao watakaolichukua. Wewe usinisaidie."

Wakapatikana, mume na mke wa mtaa wa Crescent Town, walimu wastaafu, mume na fimbo yake. Mzee Amirali akaja yadini, akalisimika trela kwa mara ya mwisho, polepole kuliko zamani, polepole sana, akiwakaripia wale walimu njiani: "Kizuizi kwanza! Unakimbilia wapi?" Mafundi wangu walikuwa wamezunguka, hakuna aliyesogea. Ilipofika kuteremsha miguu ikabidi apumzike baada ya kila mguu, hata mimi nikataka kwenda kumsaidia.

Nikamgeukia Nasim aliyekuwa ameketi karibu yangu kwenye ukingo wa saruji. Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili. Machozi yanamshuka mpaka kidevuni, anacheka, na hakuitoa kuyafuta mpaka baba yake alipozima drili.